Alama za mkaa kwenye mwembe

Mwaka 2020 kingatiba, dawa inayogawiwa kijiji kizima dhidi ya upofu wa mtoni, ilisimama. Aprili ile Shirika la Afya Duniani lilishauri kazi za kupita nyumba kwa nyumba ziahirishwe kwa sababu ya korona. Usubi wa kwetu Mahenge, vijinzi vinavyoeneza minyoo ya ugonjwa huo kwa kuuma watu, hawakuahirisha kitu. Mito inashuka kwa kasi, na humo ndimo wanamozaliana. Nayo dawa haiui minyoo mikubwa, huua vitoto vyake tu, ndiyo maana tunaimeza miaka nenda rudi.

Zoezi liliporudi, sisi wagawa dawa tukapewa masharti: barakoa, ndoo ya maji tiririka, kila mtu na kikombe chake, kidonge kisiguswe kwa mkono. Nikanunua kijiko. Kumeza ni mbele yangu, kwa hiyo mtu anashusha barakoa, anabugia, anapandisha. Wazee wengi waliiacha kidevuni moja kwa moja.

Kilichonisumbua ni fimbo ya kupimia. Dozi yetu hupimwa kwa urefu: kuanzia sentimita 90 kidonge kimoja, 120 viwili, 141 vitatu, ukipita 158 vinne. Zamani nilikuwa namshika mtoto mabega namnyoosha. Sasa niko mbali, nifanyeje? Nikajifanya mjanja, nikachora mistari ya mkaa kwenye mwembe, nikakaa na rejesta yangu hatua kadhaa nyuma. Foleni ikatembea, mpaka nikaanza kujisifu moyoni.

Saa saba hivi mama mmoja akanijia na wanawe wawili.

"Dokta," (ndivyo wanavyoniita, nami nimeishia darasa la saba) "huyu mdogo kampita kaka yake lini? Mkubwa umempa viwili, huyu vitatu."

Nikawatazama. Kweli, mdogo alimfikia kaka yake sikioni. Nikautazama mwembe. Chini ya mistari yangu palikuwa na mzizi umetuna kama kigoda, na watoto, kwa kupenda urefu, walikuwa wanaupanda.

Nikampigia muuguzi wa zahanati, jasho likinitoka ndani ya barakoa. Akasema kidonge kimoja cha ziada si cha kutisha sana, ila niwapitie jioni, niulize kizunguzungu na kutapika.

Nikapita nyumba kwa nyumba na fimbo yenyewe. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule mdogo. Alikuwa anakula ugali, mzima kabisa. Aliponiona akanawa, akavua ndala, akajiegemeza ukutani kabla sijasema neno.

"Hapa hakuna mzizi, Dokta."