Siku Moja na Kikosi cha Uokoaji, Safari Rally Naivasha

Saa kumi alfajiri. Baridi ya Naivasha haina adabu, lakini nguo ya ndani ni pamba tupu. Nailoni ikipata moto huyeyuka na kugandia ngozi, kwa hiyo nakagua hata soksi. Juu yake navaa ovaroli isiyoshika moto.

Saa kumi na moja. Tunakagua vifaa: mitungi ya poda ya kuzimia moto, mkasi na tanuzi za haidroliki za kukata na kupanua bodi ya gari, visu vya kukatia mikanda, kola za shingo, machela. Kuanzia 2022 hadi 2024, magari ya daraja la juu yalipokuwa na mota ya umeme, tulikuwa na somo la ziada: taa ya mfumo huo kwenye gari ikiwa ya kijani, shika gari, vinginevyo, mikono mbali. Mfumo huo uliondolewa 2025, na mimi sikuulilia.

Saa moja kasoro. Tumefika Kedong, mkondo (kipande cha barabara kilichofungwa kwa mbio) wenye vumbi la fesh-fesh laini kama unga wa ngano. Mashabiki walilala hapa kwenye hema na nyama choma inanukia tayari. Nazunguka nikiwaomba: gari likipinduka, msilisukume mpaka tufike.

“Si tunasaidia tu, mkubwa?” kijana mmoja ananiuliza.

Ana haki ya kuuliza. Safari imezoea mashabiki wanaolirudisha gari kwenye magurudumu na mbio zikaendelea. Ila dereva mwenye jeraha la shingo anayening'inia kwenye mikanda, ukimgeuza ghafla, unaweza kummaliza wewe mwenyewe. Kusema kweli, kazi yangu ya moto ni ndogo kuliko hii ya kubembeleza watu.

Saa tatu na nusu. Yanapita magari ya usalama, la mwisho likiwa lenye namba 0. Baada ya hapo hakuna kuvuka barabara.

Saa nne na ushei. Wakali wanapita. Helikopta juu, vumbi chini, hatuoni kitu.

Saa sita kasoro. Redio inaita: gari limepinduka mbele yetu, halijaonyesha kibao cha OK, cha kusema waliomo wako salama. Kanuni iko wazi: gari likipata ajali mbaya na waliomo hawajaonyesha OK, au wameonyesha SOS ya kuomba msaada, linalofuata lazima lisimame. Mkondo unasimamishwa, bendera nyekundu zinatoka vituoni. Sisi injini inanguruma lakini hatuondoki mpaka kituo cha udhibiti kituruhusu, na tukiondoka tunafuata mwelekeo wa mbio, kamwe si kinyume. Dakika hiyo ya kungoja ni ndefu kuliko mkondo wenyewe.

Gari limelala juu chini. Mwelekezi, yule anayemsomea dereva njia, ameshatoka, dereva bado ndani. Ekzosi imegusa nyasi kavu na moto umefika kimo cha kifundo cha mguu. Naingia na upepo mgongoni, napuliza poda kwenye shina la moto, kwa vipande vifupi, maana ukiimwaga yote unamziba pumzi aliye ndani. Kisha natafuta alama ya radi kwenye pembetatu ya buluu na kuvuta swichi ya kukata umeme. Swichi ya pili ya kuvuta, yenye herufi E, huwasha mitungi ya kuzimia moto ya gari lenyewe. Naiacha, kwani ndani hakuna moto.

Mikono ya mashabiki imeshashika gari. “Msigeuze! Shikilieni tu lisiyumbe!” Yule kijana wa asubuhi anatandaza mikono na kuwarudisha nyuma walio wengi, wachache wanashikilia. Daktari wetu anatambaa kuingia, anamuuliza dereva kama anahisi vidole vya mikono na miguu. Anavihisi. Naweka bega langu chini ya mabega yake kabla ya mkanda kufunguliwa, la sivyo angeangukia kichwa. Analalamikia mbavu, na anauliza kama gari linaweza kuendelea. Madereva hawa!

Saa tisa. Mzunguko wa pili, hakuna kilichotokea kwetu.

Saa moja usiku. Ripoti, halafu mitungi. Uliofunguliwa unatolewa garini hata kama umetumika kidogo, kwa sababu poda hubaki kwenye vali na presha huvuja usiku kucha. Nachukua mpya stoo, naangalia mshale uko kwenye kijani, nasaini. Kesho ni mkondo wa Soysambu.