Kikapu cha ukindu kilichopunguza moto katika nyumba mbili

Tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, nilinunua kikapu kikubwa cha ukindu cha kwendea sokoni. Nilikitumia mpaka mishikio yake ikalegea, kisha nikakitundika jikoni, kwa maana hapa Makorora, Tanga, kikapu cha ukindu hakitupwi hata kikichoka. Kilikaa ukutani miaka kadhaa kabla sijakipa kazi ya pili, ambayo ndiyo ninayotaka kuieleza: kinaivisha maharage, kunde na makande bila moto, na gunia la mkaa lililokuwa likiniishia kwa wiki tatu sasa linakaribia miezi miwili.

Kila ninaposafiri kwenda Handeni huona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara, nami nilijua kwamba baadhi yake huishia jikoni kwangu. Kisha, Januari 2024, ukafika mwisho wa muda ambao Serikali ilizipa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa. Katazo hilo halikuigusa nyumba ya watu watano kama yangu, lakini lilinifanya nilitazame jiko langu kwa makini. Gesi ninayo, na kwa chai, mayai na mboga za majani inatosha. Mkaa ulikuwa ukiteketea kwenye vyakula vigumu vinavyokaa motoni saa mbili au tatu, na mtungi wangu usingeihimili kazi hiyo.

Kikapu hufanya kazi kwa sababu, sufuria ikishachemka, moto tunaoendelea kuuchochea unafidia tu joto linalotoroka pembeni na juu. Ukilizuia joto lisitoroke, chakula hujiivisha chenyewe.

Mwanzoni, hata hivyo, nilishauriwa vibaya, na hadi leo nikikumbuka ninaudhika. Muuzaji mmoja wa vikapu vya namna hii, vilivyokwisha kushonwa, aliniambia kwamba maharage hayana haja ya kulowekwa, kwamba dakika 5 za kuchemka zinatosha, na kwamba ninaweza kutia tui na chumvi tangu mwanzo kisha nikalale. Vikapu vyake vilikuwa ghali, kwa hiyo nilitengeneza changu kwa maelekezo yake. Nilichukua randa, yaani vipande vyembamba vinavyobaki mbao zikirandwa, kwa seremala, nikazishindilia ndani ya kikapu, nikaacha shimo katikati na kutandika kanga kuukuu. Usiku nikatumbukiza sufuria ambayo maharage yake hayakufika hata nusu, nikaifunika kwa kanga nyingine mbili. Saa nane usiku nikaamka kuchungulia, jambo ambalo sasa ninajua ni kosa kubwa, kwa kuwa kila unapofunua unaufungulia mlango mvuke uliokuwa ukikufanyia kazi. Asubuhi tui lilikuwa limekatika na kuelea mabonge mabonge, maji yalikuwa vuguvugu, na harufu ya kuchacha ilinipokea kabla sijauinua mfuniko wote. Punje niliyoibana kwa vidole ilikuwa ngumu katikati. Randa nazo zilikuwa zimenyonya mvuke, zimelowa, zinanuka kama kabati lililofungwa masika yote. Nilimwaga sufuria nzima, na kumwaga chakula kuliniuma kuliko hela iliyopotea.

Baya zaidi, ushauri ule ulikuwa wa hatari. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjika kwa kuchemshwa kwelikweli, wala joto la vuguvugu haliiwezi. Dakika 10 za kutokota ndicho kiwango cha chini. Mimi huyaacha yatokote 20, baada ya kuyaloweka usiku kucha na kuyamwaga maji yake. Tui, chumvi na kitunguu hungoja mwisho kabisa, sufuria inaporudi kwenye gesi kwa dakika chache, na hapo chakula lazima kitokote tena kabla ya kupakuliwa, kwa sababu kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana.

Aliyenikwamua ni Bibi, jirani yangu wa ukuta mmoja, mjane anayeishi peke yake na kusuka mikeka na vikapu. Nilipomweleza yaliyonipata alikigeuza kikapu changu, akapitisha vidole ndani, akasema, “Mwanangu, randa inakunywa maji. Tia usumba.” Makumbi ya nazi hapa kwetu hayana bei, wauza nazi hufurahi ukiwaondolea. Tuliyaponda, tukachambua nyuzi na kuzianika, kisha nikashona mfuko kwa shuka kuukuu na kuujaza, ukazunguka sufuria kwa unene wa vidole vinne, na mto wa usumba huohuo ukakaa juu ya mfuniko. Usumba ukipata unyevu, jua la nusu siku linaukausha. Jaribio la kwanza lilikuwa la maji matupu, na jaribio hilo ninamshauri kila mtu alifanye kabla ya kuhatarisha chakula: nilitia maji yaliyochemka saa tatu usiku, na alfajiri yalikuwa bado ya moto kiasi cha kuhitaji kuchanganywa na ya baridi ndipo watoto waoge.

Bibi mwenyewe alikuwa akipikia vifuu na makuti, na kikohozi chake nilikisikia kupitia ukutani kila jioni. Nilitamani kumsaidia, lakini Bibi si mtu wa kupokea sadaka. Mara mbili nilimpelekea bakuli la makande, na mara zote mbili bakuli lilirudi na kitu ndani yake, kwanza embe, kisha fungu la mchicha, nikatambua kwamba ninamwongezea gharama badala ya kumpunguzia. Nikabadili njia. Nilimwagiza anisukie kikapu cha pili, kikubwa, nikamlipa bei aliyoitaja bila kuomba apunguze. Kilipokamilika na kujazwa usumba, nilimpigia hodi saa moja asubuhi nikiwa na sufuria ya lita 8 inayofuka mvuke.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hilo nalo la nini?”

“Mimi ninatoka kazini jioni, na watoto wakirudi shule hawaachi kufunua. Naomba kikapu kikae kwako, unilindie, na ujira wako uwe sehemu ya kilichomo.”

Yalikuwa maneno ya kweli, maana mwanangu wa mwisho alikwisha kuniharibia kunde kwa kuchungulia. Bibi alinitazama, akaitazama sufuria, kisha akasema, “Basi kiweke pale. Atakayekifunua kabla ya saa tisa tutagombana.”

Tangu siku hiyo hakuna bakuli linalorudishwa na embe, kwa sababu chakula ni chake kwa haki. Nilichokuwa sijakitegemea ni kwamba mpango huu ungekifaa hata kikapu. Sufuria iliyojaa robo tatu hushika joto kwa muda mrefu zaidi kuliko iliyo nusu tupu, kwa hiyo maharage ya nyumba mbili huiva vizuri kuliko yalivyoiva ya nyumba moja. Makande ndiyo yanayohitaji subira: mahindi yaliyokobolewa ninayachemsha karibu dakika 40 kabla ya kuyatia kikapuni. Gharama zote, ukijumlisha ujira wa Bibi wa kusuka, shuka na uzi, hazikufika elfu thelathini.

Bibi sasa huwasha vifuu kwa ajili ya chai na ugali tu, na jioni nyingi ukuta wetu uko kimya. Majirani watatu wamekwisha kumwagiza vikapu kama kile, na kila mmoja hufundishwa kwanza habari ya kuloweka na kutokotesha, kwa sauti isiyokubali ubishi. Juzi nilipokwenda kuchukua sufuria tupu nilikuta kikapu kimefunikwa, ilhali siku hiyo sikuwa nimepeleka chakula. Nikanyoosha mkono kuuinua mto.

“Acha,” akasema Bibi. “Nimegandisha mtindi. Uje kesho na bakuli.”