Jumamosi ya Mfuko Mwepesi Mjini Mombasa

Mwishoni mwa juma, ninapotaka kutembea bila kutumia fedha nyingi, huanzia Mji wa Kale mapema asubuhi, kwa kuwa mbaazi za nazi zilizopikwa vizuri huisha upesi, na mahamri yaliyopoa hupoteza nusu ya ladha yake. Hamri lililoumuka sawasawa huwa na uwazi ndani. Ukilipasua, mvuke wenye harufu ya iliki hutoka, na hapo ndipo panapofaa kuchota mbaazi. Wanaotumia kijiko sina ugomvi nao, ingawa siwaelewi.

Baada ya hapo huzunguka vichochoroni nikitazama milango ya nakshi, kisha hupita nje ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Kuingia ndani hulipiwa, lakini kuzitazama kuta zake kutoka nje ni bure.

Alasiri ni zamu ya viazi karai: viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika uji mzito wa unga wenye manjano, kisha vikakaangwa na kuliwa kwa chatne ya ukwaju. Binafsi naona chatne ndiyo inayoamua iwapo nitarudi kwa muuzaji. Jioni huelekea bustani ya Mama Ngina iliyo kando ya bahari kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, huku nikitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Feri ya Likoni iko karibu, na anayevuka kwa miguu halipi nauli.