Kelele za usiku na karatasi ya ubaoni

Juzi mji wetu wa chuo uliwaka moto mtandaoni. Mtu alirusha picha ya tangazo: eti halmashauri imepiga marufuku muziki baada ya saa nne usiku. Wanafunzi wakaja juu, wenyeji wakashangilia, na mimi mpangaji niliyebanwa katikati nikaandika maneno ambayo leo nayaonea haya.

Asubuhi nikapita kwenye ubao wa matangazo. Karatasi ilikuwepo, kona moja imechomoka pini, inapepea. Juu kabisa, sehemu iliyokatwa kwenye picha, pameandikwa RASIMU. Chini kuna tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Yaani hakuna kilichopitishwa, madiwani hata kura hawajapiga!

Nikafuta maneno yangu, nikaweka picha nzima. Waliojibu? Watatu, na mmoja aliuliza nimelipwa na nani. (Nilicheka, lakini iliuma.)

Kinachonikera zaidi, tarehe yenyewe inaangukia likizo, wanafunzi wakiwa makwao. Hilo ndilo la kugombania, na hakuna aliyeligusa. Maoni yangu nimeyapeleka jana kwa mkono. Karani akagonga muhuri, akasema ni ya pili kupokelewa.