Sharubu za panya

Jana usiku mtego ulifyatuka jikoni. Kwa kawaida panya namtupa bila kumwangalia mara mbili, ila jana nilichuchumaa na tochi ya simu. Sharubu ndefu, zimejipanga huku na huku chini ya pua. Kidevuni hamna sharubu, ni vinyweleo tu.

"Mnasalimiana?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

Sikumjibu. Wiki nzima nimekuwa nikisoma habari za endothelini, kitu kinachotengenezwa na mishipa yetu ya damu na kinachoibana mishipa hiyo kwa nguvu ajabu. Kiligunduliwa Japani mwaka 1988. Mama humeza vidonge vya presha kila asubuhi, kwa hiyo najua kwa nini watu walikikimbilia.

Mwaka 1994 kundi la Kurihara, huko huko Japani, lilitangaza matokeo ya panya walioharibiwa jeni ya endothelini-1. Ungetegemea presha ishuke. Waliokosa nakala zote mbili walizaliwa na taya la chini dogo, bovu, wakashindwa kupumua na kufa. Na waliobaki na nakala moja? Presha ilipanda kidogo! Hapo niliweka simu chini nikacheka peke yangu.

Kumbe mimba ikiwa bado changa, jeni hiyo ina kazi nyingine kabisa. Seli zinazohamia usoni kwenda kujenga mifupa hupokea endothelini kama agizo: ninyi ni wa chini. Agizo hilo huwasha jeni nyingine, zikiwemo Dlx5 na Dlx6. Lisipofika, seli hazikai bure, zinajenga taya la juu palepale pa taya la chini. Mwaka 2002 watafiti walizima Dlx5 na Dlx6 kwa pamoja, na vijusi vya panya vikaota sharubu kidevuni. Miaka sita baadaye wengine wakageuza mambo: wakaiwasha endothelini upande wa juu, na huko nako kukajengeka taya la chini.

Binadamu nao wapo, wachache, wenye hitilafu kwenye njia hiyohiyo: kidevu kidogo, na sikio lenye umbo la alama ya kuuliza.

Nilimgusa panya kidevu kwa njiti ya kiberiti, nikamfunga kwenye gazeti. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni. "Na mikono ukaoshe kwa sabuni," akasema.