Seli Zilizowaka na Zilizogoma

Nilikuwa mwanafunzi Glasgow, na kazi yangu ilikuwa kupima jinsi interferoni, protini ambayo seli hutoa kutahadharisha wenzake, inavyozuia virusi. Naloweka seli ndani yake usiku kucha, kesho naziambukiza, kisha napima virusi vilivyotoka kwenye sahani nzima. Dozi ikipanda, virusi hupungua. Grafu ilikuwa na mteremko mzuri, nami nikaamini kila seli imepunguza uzalishaji kidogo, kama taa za mtaa mzima umeme unapofifia.

Jioni moja nikapewa zamu kwenye hadubini yenye kamera. Kirusi chetu kilikuwa VSV, kile cha malengelenge ya mdomo wa ng'ombe, kilichopachikwa jeni ya protini ya kijani: kinapozaliana, seli inang'aa. Kwenye dozi ndogo nilitegemea kijani hafifu kila mahali. Wapi! Seli nyingi zilibaki nyeusi kabisa, na chache zikawaka kwa nguvu ileile ya seli zisizopewa interferoni, ila zilichelewa.

Kaka mmoja wa Kisumu, mtafiti aliyenitangulia, akachungulia. "Mdogo wangu, pengine seli zako ni mchanganyiko. Anza na moja."

Nikaotesha kundi zima kutoka seli moja, nikarudia jaribio. Matokeo yaleyale: nyingi nyeusi, chache zinawaka.

Interferoni haikigusi kirusi. Inashika vipokezi vya seli, taarifa inafika kwenye kiini, na jeni mamia zinaamka. Mojawapo hutengeneza PKR, protini ambayo ikikutana na RNA ya nyuzi mbili, dalili ya kirusi, husimamisha utengenezaji wa protini. Lakini seli ndugu hazina akiba sawa ya silaha hizi saa kirusi kinapoingia. Na VSV ni mjanja: protini yake ya M hufunga njia ya RNA za seli, zinazobeba maagizo ya jeni, kutoka kwenye kiini, kwa hiyo seli iliyozidiwa mwanzoni ni vigumu kujikomboa. Isaacs na Lindenmann, waliogundua interferoni London mwaka 1957, walitumia utando wa mayai ya kuku. Hayo wasingeyaona, na sidhani kuna wa kuwalaumu.

Msimamizi wangu aliitazama video mara mbili bila kusema neno. Halafu akaniambia niiondoe ile grafu kwenye ripoti, nihesabu seli zilizowaka katika kila dozi, na niandike saa ambayo kila moja iliwaka.