Springi za nyuma za Hilux ya zamani: bamba moja linatosha, kazi kubwa iko kwenye breki

Springi za nyuma zikilala (zikipoteza upinde), wengi huku Mwanza huongeza mabamba, yaani vile vipande vya chuma vinavyounda springi, mawili au matatu kila upande. Pikapu inanyanyua kiuno, fundi analipwa, kila mtu anaenda zake. Hapo kazi iko nusu. Kwenye Hilux za dizeli za miaka ya 90, zile za injini ya 2L, 3L au 5L, kuna vitu kadhaa vinavyotegemea kimo cha nyuma ya gari: valvu ya breki, propela (shafti inayozungusha ekseli ya nyuma), shokapu na mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli. Ukipandisha kimo na kuviacha vilivyo, gari litabeba vizuri na kusimama vibaya.

Tuanze na mzigo. Springi haiongezi uwezo wa gari, kwa sababu ekseli, beringi, rimu, tairi na breki ni zilezile. Hilux hizi ni gari la tani moja, abiria wakiwemo, na tani moja ni ndogo kuliko macho yanavyodhani. Ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Tenki la lita 1,000 likijaa maji limeshafika. Mchanga mbichi una uzito wa karibu tani 1.9 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kwenye bodi yenye urefu wa mita 2.1 na upana wa mita 1.4, tani inafika mchanga ukiwa na kina cha sentimita 18 tu. Kokoto kavu, kama 22. Chora mstari wa rangi ndani ya bodi kwenye kimo hicho, ili ukibishana na wapakiaji uwe na ushahidi. Dagaa wakavu ni kinyume chake: gari linajaa hadi juu na springi hazijashtuka. Sangara ndani ya barafu ndio wazito.

Kabla ya kununua chochote, pima. Gari likiwa tupu, mahali palipo sawa, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakuchanganya. Upande mmoja ukiwa chini wazi kuliko mwingine, tafuta bamba lililokatika au bushi iliyokwisha kabla ya kulaumu uzee wa gari.

Bamba likiwa limekatika, angalia limekatikia wapi. Likikatikia kwenye tundu la sentabolti (bolti ya katikati inayoshika mabamba pamoja), yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zililegea. Ile sehemu iliyobanwa haikupaswa kupinda kabisa. Karibu na jicho (tundu lililo kwenye ncha ya springi), bushi imeganda au shakoli (zile sahani mbili zinazoshika ncha ya nyuma ya springi) haichezi. Pale ambapo ncha ya bamba la chini inaishia, mzigo ulizidi, na mara nyingi ulizidi ndani ya shimo. Likiwa limekatika bamba mama (lile refu la juu lenye macho) peke yake, tazama zile klipu zinazoshika mabamba pamoja. Huenda hazipo, na gari likiruka bamba mama limekuwa likibeba uzito wa ekseli bila kusaidiwa.

Kuna mafundi wanaochoma springi kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, wanaikunja kwa nyundo, wanaiacha ipoe. Inatoka na upinde wa kupendeza, na baada ya mizigo michache imelala tena. Chuma cha springi hupata ugumu wake kwa kupashwa hadi karibu nyuzi 850, kuzamishwa ghafla kwenye oili, kisha kupashwa upya hadi karibu 450 au 500 ili kisivunjike kama glasi. Kikiiva na kupoa hewani, ugumu umeondoka. Kukunja kwa baridi nakubali, kama bamba halina ufa. Bamba lililochomelewa usilifunge kabisa.

Siku moja kabla ya kazi, piga brashi ya waya kwenye nyuzi za yubolti na uzilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu. Kwenye Hilux nati hizi zinaangalia chini, zinaning'inia chini ya ekseli, kwa hiyo tope na maji yote yamepita hapo. Nunua mapema yubolti nne na nati nane mpya. Za zamani zimeshavutika, hazibani tena kwa nguvu ileile, na nyingine hazitoki bila msumeno.

Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa kuwa ekseli ya nyuma ikinyanyuliwa hendibreki haina kazi. Legeza nati za tairi, nyanyua kwa jeki chini ya difu (lile tumbo la gia katikati ya ekseli), weka stendi mbili chini ya chasisi, mbele kidogo ya pale springi inaposhikwa kwa mbele. Tofali la saruji hupasuka bila taarifa, usilitumie. Mawe tunayo tele Mwanza, lakini yaishie kwenye kabari.

Jeki ibaki imebeba ekseli. Toa bolti ya chini ya shokapu, tenganisha fimbo ya valvu ya breki pale inaposhikwa kwenye ekseli, kisha fungua yubolti. Shusha jeki taratibu mpaka springi iachane na kiti chake, isizidi hapo, na uangalie mpira wa breki usivutike. Fungua shakoli, halafu pini ya mbele. Maliza upande mmoja na kuufunga ndipo uende wa pili. Ukiachia pande zote mbili kwa pamoja, ekseli inazunguka na kuirudisha ni mieleka.

Kabla ya kugusa sentabolti, bana mabamba kwa klampu mbili kubwa, moja kila upande wa bolti. Mabamba yamebanwa yakiwa na nguvu ndani yake, na yakiachia ghafla yanaondoka na vidole. Toa nati, kisha legeza klampu kidogo kidogo kwa zamu. Safisha kila bamba hadi chuma kionekane. Paka dizeli, subiri dakika chache, futa mpaka pakauke, kisha pakaza unga wa chaki ya shule. Kama kuna ufa, dizeli iliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya weupe. Kazia macho kuzunguka tundu la katikati na chini ya jicho.

Bamba la kuongeza liwe na upana wa milimita 60 kama mengine, unene ulingane na majirani zake, na upinde uzidi kidogo tu. Upinde ukizidi sana, bamba moja linabeba mzigo wote na ndilo la kwanza kukatika. Lipange kwa ngazi, kila bamba la chini liwe fupi kuliko la juu yake. Sentabolti mpya iwe ndefu zaidi, lakini kichwa chake kiwe cha ukubwa uleule wa zamani, kwa sababu ndicho kinachoingia kwenye tundu la kiti cha ekseli. Kikiwa kidogo ekseli inahama, na gari linatembea upande kama kaa. Rudisha klipu zote. Grisi ya kawaida kati ya mabamba siipendi kwa barabara zetu: inakamata mchanga na kugeuka kuwa msasa. Rangi ya kuzuia kutu iliyokauka vizuri inatosha.

Bamba moja kila upande hupandisha gari tupu kwa sentimita 3 hadi 5. Mabamba mawili yanaifanya nyuma iwe ngumu kiasi kwamba gari tupu linarukaruka, na mtikisiko huo unahamia kwenye chasisi, ambayo hupata nyufa nyuma ya kabini na kwenye vishikio vya springi. Shakoli ndefu ndiyo njia mbaya kuliko zote: inapandisha nusu tu ya urefu ulioongezwa, inageuza pembe ya difu, na haiongezi nguvu hata kidogo.

Yubolti zikazwe kwa zamu, msalaba, kwa awamu tatu, mpaka karibu 120 N·m; thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Pini na shakoli zenye bushi za mpira zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejisokota muda wote na unachanika mapema. Kaza tena yubolti baada ya kilomita 100, na baada ya 500.

Sasa breki. Kwenye chasisi, upande wa juu wa ekseli ya nyuma, kuna valvu yenye fimbo ndefu ya chuma inayofika hadi kwenye ekseli. Mzigo ukishusha chasisi, fimbo inasukumwa juu na valvu inaachia presha zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, valvu inapunguza presha hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Ukiongeza bamba na chasisi ikapanda sentimita 4, valvu inaona gari jepesi kuliko tupu. Unapakia, gari halishuki hadi kimo ambacho zamani lilikuwa nacho likiwa na mzigo huo, na valvu inaendelea kubana presha huku nyuma kuna tani nzima. Breki za mbele zinabeba kazi kupita kiasi. Pedi za mbele zinaisha upesi, diski zinachemka na kupinda, na ukiteremka kilima kama cha Bugando na mzigo unasikia usukani ukitetemeka na harufu ya pedi kuungua. Mwenye gari anabadilisha pedi tu, tena na tena.

Dawa yake ni nafuu. Chukua tofauti ya kimo uliyopima kabla na baada, kisha pandisha kishikio cha fimbo upande wa ekseli kwa kiasi hicho hicho: kimo kimepanda milimita 40, kishikio kinapanda 40. Kipande cha chuma bapa cha unene wa milimita 6 chenye matundu mawili, kilichofungwa kwa bolti na nati za kujifunga, kinafaa. Tofauti ndogo ya mwisho unaimalizia kwenye kiungo chenye nyuzi kilicho kati ya fimbo na ekseli: ukikirefusha, nyuma inapata presha zaidi. Kwanza hakikisha fimbo inacheza kwa mkono. Kwenye magari mengi ya umri huu valvu imeganda kwa kutu, na hapo hakuna kishikio kitakachosaidia, badilisha valvu.

Wengine huing'oa na kuunganisha bomba moja kwa moja. Gari likiwa na mzigo litasimama safi. Likiwa tupu, kwenye lami iliyolowa, magurudumu ya nyuma yanajifunga kwanza na nyuma inakuja kukutana na mbele.

Kama bomba lilifunguliwa, toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali na masta silinda, yaani nyuma kushoto kwa usukani wa kulia, na usiisahau valvu yenyewe, ina nipeli yake ya kutolea upepo. Kisha jaribu kwenye kiwanja cha changarawe kisicho na watu, gari tupu, kilomita 30 kwa saa, kanyaga kwa nguvu. Mbele ijifunge kwanza. Nyuma ikitangulia, fupisha kiungo.

Ukiwa hapo, fungua ngoma za breki za nyuma. Zikigoma, zina matundu mawili yenye nyuzi za M8: ingiza bolti mbili, zikaze kwa zamu, ngoma itatoka yenyewe. Ukomo wa kipenyo umeandikwa kwenye ngoma. Vile viwiko vya hendibreki vilivyo nyuma ya sahani ya breki hupenda kuganda, na kwa Hilux hizi kujirekebisha kwa breki za nyuma kunapitia humo. Vikiganda, kanyagio linashuka na watu wanalaumu masta silinda. Vitoe, visafishe, vipake grisi ya joto kali.

Propela inahitaji neno moja tu: ukisikia mtetemo mpya kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa baada ya kupandisha, pembe ya difu imebadilika, nayo inarekebishwa kwa kabari za chuma kati ya springi na kiti chake. Kwa shokapu na mpira wa breki, nyanyua chasisi mpaka ekseli ining'inie. Kikomo kisiwe shokapu iliyovutika wala mpira uliokaza. Taa za mbele zitakuwa zimeshuka, zipandishe.

Limebaki ziwa. Maji ya Victoria hayana chumvi ya bahari, lakini maji ya barafu ya samaki yanayochuruzika kutoka kwenye bodi hayaachi chasisi ikauke. Matundu ya kutolea maji chini ya chasisi huziba kwa tope. Yazibue kwa waya, kisha ingiza mpira wa maji ndani mpaka yatoke meupe. Oili chafu ya injini inayopulizwa huko chini inakula bushi za mpira, achana nayo.

Na wanaorudi kinyumenyume majini pale mwaloni (ufukoni mitumbwi inaposhusha samaki) kupakia: difu iliyotoka safarini ni ya moto. Ikiingia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kile kipumulio kidogo kilicho juu ya ekseli, au kwenye sili. Ondoa kipumulio, funga mpira wa mafuta unaohimili oili, upeleke juu hadi usawa wa sakafu ya bodi, mdomo uangalie chini, na uache urefu wa ziada kwa ajili ya mchezo wa springi. Kisha fungua nati ya kujazia oili ya difu. Nati hii ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia, maana ikigoma baada ya kumwaga, gari limelala hapo. Oili ikiwa ya kijivu kama maziwa, imwage, jaza 80W-90 ya GL-5 mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia, tembea kilomita chache, imwage tena na ujaze nyingine.